Meza ya Wasiojuana

Jumamosi, 9 Machi

Mvua zimeanza na mpwa wangu amekuwa meneja. Yote mawili yalinikuta pale pale, kwenye kibaraza cha mkahawa wa pankeki, nikiwa nakung'uta mwavuli. Alitoka na beji mpya kifuani, akanyoosha mkono kunizuia.

"Shangazi, usinikumbatie. Umelowa chapachapa."

Nikamkumbatia. Beji ikanichoma shingoni. Nina alama hadi sasa na sitaki ipone upesi.

Huyu ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki kabla hajang'oka jino la kwanza, baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo amekulia kwangu, katikati ya vitabu na kelele zangu. Mkahawa una matawi matano, na hakuna mtu mjini ambaye hajawahi kupanga foleni kwenye mojawapo. Yeye amekabidhiwa tawi la kwanza, lile lililozaa mengine, kwa majaribio mpaka mvua ziishe. Zikiisha, mwenye mkahawa, ambaye kila mtu humwita Tajiri hata mbele ya uso wake, ataamua: athibitishwe, au arudi kubeba sahani.

Niliagiza pankeki za ndizi zenye siagi juu. Nimekula kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumanne, 12 Machi

Gazetini. Mhariri wangu, mtu ambaye hajasoma kitabu tangu aache kulazimishwa, kanisimamisha mlangoni. "Nasikia yule binti yenu mwenye akili bado yuko kwenye pankeki tu?"

Nikamwambia hilo "tu" alirudishe alikolitoa. Wewe unaongoza waandishi wachache na huwezi kuwafikisha kazini kabla ya chai. Yeye jua likichomoza ameshapanga wapishi na wahudumu, ameshaonja unga uliochanganywa, ameshapima kwa kiganja joto la bamba la chuma ambalo likipoa kidogo pankeki inakuwa ngozi, likizidi kidogo inakuwa mkaa. Kisha anafungua mlango na kuingiza umati wenye njaa. Na hakuna binadamu dhalimu kama mwenye njaa anayesubiri kitu kitamu.

Tumegombana mpaka mhasibu akafunga mlango wake. Nimerudi nyumbani nimefurahi sana.

Jumamosi, 16 Machi

Lazima niieleze meza, maana hapa nyumbani naandika bila kubanwa na nafasi ya safu.

Jengo la tawi la kwanza lilikuwa karakana ya washonaji. Tajiri alipolichukua aliikuta meza yao ya kukatia nguo, ubao mmoja wa mti mgumu, mrefu tangu mlangoni hadi karibu na jiko, akashindwa kuitoa kwa sababu ukuta ulikuwa umejengwa baada yake. Pembeni mwa ubao kuna misumari ya shaba waliyoigongomea wale washonaji ili wapimie kitambaa. Basi meza ikabaki, na ikapata desturi yake. Mtu akija peke yake, huketishwa hapo. Asali iko kwenye jagi moja la udongo. Huinuki kulifuata, unamwomba jirani, naye anamwomba jirani yake, mpaka likufikie. Huwezi kula bila kuomba, na huwezi kuomba bila kufungua mdomo. Ukishaufungua umekwisha, umeshaingia kwenye mazungumzo.

Matawi mengine manne yana vibanda vyenye viti vya migongo mirefu, na asali iko kwenye vipakiti, kila mtu na chake, kila mtu na ukuta wake. Sijawahi kukanyaga huko na sitakanyaga.

Anayeketi mbele yangu kila Jumamosi ni Mpimaji, mpima ardhi mstaafu, kola imepigwa pasi hata kukiwa na gharika. Anakata pankeki yake miraba iliyo sawa kama viwanja.

"Naona umekuja kupigana, Mama Kalamu," alisema leo. "Kula kwanza. Ukishiba utakuwa na hoja."

"Nikishiba nitakuwa na huruma, na wewe huistahili."

Tuligombania miti ya barabara ya soko, ambayo manispaa inataka kuikata ili ipanue njia. Yeye anaunga mkono. Ni mtu aliyenyoosha barabara maisha yake yote na akili yake imenyooka hivyo hivyo, haina kona wala kivuli. Nilimshinda. Yeye anadhani alinishinda. Huyo ndiye mpinzani bora.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nimesoma, nimelala, nimesoma.

Jumamosi, 23 Machi

Mpimaji hakukata pankeki yake leo. Alinisogezea jagi kabla sijaliomba, nikajua kuna msiba.

"Jana nilipita kunywa chai, wakaingia watu wawili na utepe," alisema. "Wakapima ukumbi mzima. Hii meza hawakuipima."

"Basi salama."

"Mama Kalamu, kazi yenu ni maneno, yetu ilikuwa hii. Kitu kinachobaki hupimwa. Kinachoondoka huzungukwa tu."

Nilimwita mpwa wangu pembeni, karibu na rafu ya vikombe, nikamuuliza kama wanataka kuitoa meza na kuweka vibanda. Alinitazama kwa macho ya mama yake.

"Shangazi, hilo ni jambo la kazi yangu. Si habari ya gazeti lako."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilimfundisha mwenyewe kutosema uongo, kwa hiyo jibu nilishalipata.

Jumapili, 24 Machi

Nimeandika tangu asubuhi bila kuinua kichwa. Mvua inapiga bati na mimi napiga meza. Nimesema kwamba mji unaokula ukiwa umejificha nyuma ya migongo ya viti utapiga kura ukiwa umejificha pia. Nimesema kwamba jagi moja la asali limefanya kazi ambayo mabaraza mengi ya maridhiano yameshindwa. Tajiri nimemwita seremala wa jeneza. Sijamtaja mpwa wangu hata kwa herufi.

Ni makala bora niliyoandika tangu ile ya hospitali.

Jumanne, 26 Machi

Imetoka. Kichwa chake "Meza ya Wasiojuana". Muuza magazeti wa kona yetu amesema zimekwisha kabla ya saa tatu. Nimenunua viatu.

Jumamosi, 30 Machi

Foleni! Ilitoka mlangoni, ikapita duka la matairi, ikakunja kona. Watu wamesimama kwenye mvua na gazeti langu wamelifanya kofia. Nilitembea kando ya foleni ile kama jemadari anayekagua jeshi. Mama mmoja akanitambua, akanipa mkono, akasema amepita matawi mawili ya mkahawa huu huu ili aje kwenye meza hii.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni na jasho usoni.

"Hongera," nikamwambia.

"Shangazi, pisha, unaziba njia."

Mtoto ana shughuli. Nikapisha.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikupata nafasi mezani. Mimi!

Pale walipokuwa wakiketi wapweke leo waliketi marafiki wanane wa darasa moja, wakipokezana jagi huku mwenzao anapiga picha, wakacheka, wakarudisha jagi, wakapokezana upya kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri. Kulikuwa na familia nzima na bibi yao. Kulikuwa na maharusi. Kila aliyeketi alikuja na mtu anayemjua. Wamekuja kutazama desturi, na kwa kuja wote pamoja wameiua. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Neno halikuharibika, imeharibika meza.

Nilimkuta Mpimaji nje, chini ya ukingo wa paa la duka la matairi, kola imelowa. Amekula kwenye meza ile kila Jumamosi tangu azike mkewe. Hilo nililijua, hatukuwahi kulisema.

"Twende tukae kibandani," nikamwambia. "Kwenye tawi jingine." Nilishangaa kusikia mdomo wangu ukisema hivyo.

"Kukaa na mtu ninayemjua?" akasema. "Hiyo naweza kufanya nyumbani, na picha ya mke wangu ukutani." Akafungua mwavuli, akaondoka. Alisahau hata kunitukana.

Jumatatu, 8 Aprili

Mpwa wangu alikuja baada ya kazi. Hakuvua viatu. Katika nyumba hii, mtu asiyevua viatu amekuja na vita.

"Tajiri ameniita," akasema. "Ananiuliza nani alikupa siri ya meza."

"Mwambie si wewe."

"Nimemwambia. Akacheka. Akasema, 'Shangazi yako anaandika, wewe unaishi kwake, halafu niamini kuna jini katikati?' Amesema mvua zikiisha narudi kwenye sahani. Kama nitabaki kabisa."

Nikainuka kwenda kwenye meza yangu ya kuandikia. "Subiri. Kesho kutwa atasoma kitu ambacho kitamfanya..."

"Usiandike!"

Hajawahi kunipandishia sauti. Nilikaa chini kama mtoto.

"Shangazi, kila nikianguka unaokota kalamu. Niligombana na mwalimu, ukaandika. Nilikosa basi la shule, ukaandika kuhusu mabasi. Mimi nakupenda, lakini sijawahi kushinda kitu ambacho watu hawakusema ni kwa sababu wanakuogopa wewe. Hili tawi nililipata mwenyewe. Nikilipoteza, niache nilipoteze mwenyewe. Unaweza kunyamaza?"

Nikasema naweza.

"Hujawahi."

"Nimesema naweza."

Alivua viatu, akaenda jikoni, akapasha chai. Tukanywa. Mdomo uliponza kichwa, walisema. Wangu umeponza kichwa cha mtoto.

Jumanne, 9 Aprili

Nimenyamaza.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimenyamaza. Mhariri anataka makala ya pili juu ya meza, kaahidi ukurasa mzima. Nimemwandikia juu ya mitaro.

Jumamosi, 13 Aprili

Foleni bado. Sikwenda. Mvua kubwa, na mtaro wa mtaa wetu umefurika siku mbili tu baada ya makala yangu. Nina hakika manispaa hawasomi.

Jumatano, 17 Aprili

Naona taa ya chumba chake kila jioni. Nilichungulia. Anachora meza kwenye karatasi ya kufungia siagi. Nikauliza nini hiyo. Akasema, "Kazi." Nikafunga mlango taratibu kama mtu mwenye adabu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimenyamaza. Kunyamaza kunachosha kuliko kulima.

Jumamosi, 27 Aprili

Niandike polepole ili nisipoteze kitu.

Mpwa wangu alinipigia simu alfajiri. "Njoo leo. Njoo mapema, peke yako. Tajiri anakuja." Nilipofika, foleni ilikuwa nje, lakini mlangoni ameweka mhudumu mmoja na swali moja: "Umekuja na nani?" Anayejibu "peke yangu" anaelekezwa mezani. Wengine meza ndogo za pembeni, hata wakilia. Maharusi wawili wengine walikuwa wanalia kweli.

Mpimaji alikuwa kwenye kiti chake. Tulisalimiana kama mabalozi.

Tajiri akaingia. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuipandisha. Hakwenda ofisini. Alivuta kiti akaketi mezani pembeni yangu, mhudumu akamletea pankeki zake mwenyewe.

"Dada," akaniambia, "umeniita seremala wa jeneza."

"Nimesoma tena, naona lilikuwa neno zuri."

"Sina kinyongo, umeniletea wateja. Ila mimi naendesha matawi matano, na mfanyakazi anayetoa mambo ya ndani siwezi kumwachia funguo. Niambie tu nani alikuambia. Kama si huyu binti, basi nani?"

Nilifungua mdomo. Nikamwona mpwa wangu karibu na jiko, ameshika taulo, ananitazama. Nikaufunga mdomo. Ninyi msionijua hamtaelewa gharama yake.

Ndipo Mpimaji akaweka kisu chini.

"Ni mimi," akasema. "Watu wako walikuja na utepe, wakaruka meza. Mtu yeyote aliyewahi kushika utepe angejua. Tena nikwambie, fundi wako kapima ukuta wa dirishani mara moja tu. Mtu makini hupima mara mbili. Vibanda vyako vitagoma kuingia."

Meza nzima ikaangua kicheko. Tajiri naye akacheka, kidogo. Mtu yule niliyemwita barabara iliyonyooka! Kumbe mtu aliyenyooka ana faida yake: akisema ukweli haukati kona.

"Haya," Tajiri akasema, akamgeukia mpwa wangu. "Nilikukosea. Lakini meza bado inaondoka. Ukumbi huu unajaa kupita kiasi, na wakaguzi wanasema njia ya jikoni ni nyembamba."

"Kweli ni nyembamba," mpwa wangu akasema.

Nusura nianguke kitini. Alikuwa upande wake!

Alisogea. Hakusoma karatasi yoyote. "Tajiri, pankeki za matawi yote ni sawa. Unga ule ule, bamba lile lile. Unajivunia hilo, na ni haki yako. Sasa mtu anayekaa karibu na hospitali anapita matawi yako mawili, kwenye mvua, aje kula hapa kitu kile kile. Hafuati pankeki. Anafuata kuombwa asali na mtu asiyemjua. Tawi hili linafurika, yale manne yana viti vitupu. Ukiitoa hii meza, foleni haitahamia kule. Itakwenda nyumbani."

"Kwa hiyo niiache?"

"Hapana. Uikate."

Nilisimama. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini ahadi ina mipaka. "Uikate? Ubao mmoja! Washonaji wale waliusimamia maisha yao yote, wewe uutie msumeno kama kuni? Meza hii ikikatwa si meza tena, ni vipande! Nitaandika, wallahi, nitaandika mpaka..."

"Shangazi," akasema, kwa utulivu ambao sijui kautoa wapi, maana si nyumbani kwetu. "Uliandika kwamba hii ni meza ya wasiojuana."

"Niliandika, na ni kweli!"

"Wasiojuana wako mji mzima. Au ulimaanisha wale wasiojuana unaowajua wewe?"

Mpimaji akaanza kucheka, akafuatia mtu wa mwisho karibu na mlango, cheko likatambaa ubao mzima hadi jikoni. Nilitafuta jibu. Nimebishana na mawaziri, maprofesa na wahubiri, na jibu sijawahi kulikosa. Nikatafuta kwenye vitabu vyote nilivyosoma. Halikuwapo, kwa sababu alikuwa sahihi.

Nikakaa.

"Vipande vitano," akaendelea kumwambia Tajiri, kana kwamba sikuwahi kusimama. "Kimoja kila tawi, na jagi moja kila meza. Hapa njia ya jikoni inapanuka. Kule viti vinajaa. Misumari ya shaba inaonyesha pa kukata, kila kipande kinabaki na yake."

Tajiri alimtazama, akanitazama mimi. "Ama kweli mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Mpwa," binti akamsahihisha. "Pankeki zako zinapoa, Tajiri."

Akala. Alipomaliza akasema, "Mwite seremala."

Nimeshindwa mbele ya watu, mezani kwangu, na mtu niliyemfunza kutamka herufi r. Nimetembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli. Sijawahi kujivuna hivi maishani. Hata siku nilipotunukiwa nishani, hata siku wizara iliponijibu kwa hasira.

Jumatatu, 6 Mei

Seremala amekata. Ukuta ulibomolewa upande mmoja kwanza. Mpimaji alikuja na utepe wake mwenyewe, akapima mara mbili, akamkera seremala. Macho yangu yalitoka machozi. Ni vumbi la mbao.

Jumamosi, 11 Mei

Manyunyu. Mpimaji ananiambia kwenye kipande chetu kifupi sasa ananisikia vizuri zaidi, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 15 Mei

Mvua hakuna tangu juzi. Mpwa wangu amethibitishwa. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Kaka yangu kapiga simu kutoka safarini, analia, nami nikamwambia asilie akiendesha. Mhariri kaniuliza kama nitaandika. Nimemjibu kwamba yupo mtu mwenye mamlaka juu ya habari hiyo, na si mimi.

Jumamosi, 25 Mei

Jua. Leo nimekanyaga tawi la karibu na hospitali, nilikoapa kutokanyaga. Mhudumu akauliza nimekuja na nani, nikajibu peke yangu, akaniketisha kwenye kipande cha meza. Upande waliokata bado una weupe wa mti mbichi chini ya vanishi.

Jirani yangu alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, macho mekundu, uma mkononi. Alinitazama usoni na hakunitambua hata kidogo.

"Mama, hii meza imekuja lini? Nimekula hapa miaka, sijawahi kusemeshwa. Leo fundi bomba kanieleza habari zake za ndoa zote."

"Imeletwa mwezi huu. Wazo la meneja wa tawi la kwanza."

"Unamfahamu?"

Nina safu yenye picha yangu. Nina vitabu vinne. Watu hubadilisha upande wa barabara wakiniona.

"Mimi ni shangazi yake," nikasema.

"Basi mwambie ameleta meza inayoyumba."

"Haiyumbi. Ni sakafu yenu."

"Sakafu? Mama, tazama huu mguu!"

Tuliinama wote wawili chini ya meza. Fundi bomba naye akainama, akasema sote tumekosea. Pankeki zikapoa tukiwa huko huko.